Pikapu ya mzigo: lala chini uitazame kwanza

Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa dabo kebini nyeupe, siti za ngozi, redio kubwa. Dalali aliyeniletea pale Mwandiga, huku kwetu Kigoma, aliniambia, "Dada, ukipita na hii Ujiji watu watageuka." Kweli waligeuka. Mwezi wa tano ikalala njia ya Kasulu, chesisi imepasuka nyuma ya kebini, madumu ya mawese yameinamia upande mmoja, na mimi nimekaa kwenye jiwe natafuta mtandao nimpigie fundi.

Lile gari silisemi vibaya. Nililinunua kabla sijajua mzigo wangu una uzito gani, na hilo ndilo kosa ninaloliona kwa kila mtu anayenipigia siku hizi kuniuliza achukue Hilux au Land Cruiser. Namuuliza: unabeba kilo ngapi? Ananijibu kwa madumu, au mifuko, au magunia. Springi hazijui madumu.

Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 za mafuta, na dumu lenyewe linakaribia kilo moja. Mimi nilikuwa napakia madumu 60, yaani zaidi ya kilo 1,100. Ongeza dereva, utingo na mwenye mali ambaye hataki kuachana na mzigo wake, tani moja na robo imepita. Dabo kebini nyingi hazivuki tani moja, na watu walioko ndani wanahesabiwa humohumo. Tena bodi yake ni fupi, mita moja na nusu hivi, kwa hiyo madumu yanapandishwa ghorofa na mengine yanasogea nyuma ya ekseli. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli, na chesisi inakunjwa pale kebini inapoishia. Yangu ilikunjwa mpaka ikakubali.

Basi chukua kalamu. Saruji ni rahisi: mfuko kilo 50, mifuko 20 ni tani. Gunia la mahindi linatakiwa lisizidi kilo 100, lakini wewe na mimi tunaijua rumbesa, gunia linalojazwa kupita kiasi, lipime kabla hujakubali bei. Anayedanganya watu ni mchanga. Bodi ya pikapu ya kebini moja ukiijaza mchanga mbichi mpaka ukingoni unaweza kuvuka tani mbili, na kwa macho unaona kama hujapakia kitu. Halafu fungua kadi ya gari: toa uzito wa gari tupu kwenye uzito wa jumla ulioruhusiwa. Kinachobaki ndicho unachonunua. Mengine ni rangi.

Hapa fundi fulani atakwambia, "Mama, tunaongeza plati mbili za springi, inabeba tu." Mimi niliongezewa. Kweli gari halikuinama tena, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu ekseli ni ileile, bearingi ni zilezile, breki ni zilezile, ila dalili ya kukuonya umeiondoa. Lami ya Manyovu ina milima na kona. Teremka nayo umezidisha mzigo ukiwa umekanyaga breki mwanzo mpaka mwisho, utanusa harufu kabla hujafika chini. Shuka kwa gia uliyopandia.

Gari la pili nilikwenda kuliona na tochi na kipande cha boksi la kulalia. Muuzaji alicheka. Nikalala. Nilitazama chesisi nyuma ya kebini na pale springi zinapofungwa, nikitafuta alama za kuchomelea, na hasa rangi nyeusi mpya: gari la miaka kumi na tano likiwa na chesisi inayong'aa, jiulize kinachofichwa ni nini. Nilitazama plati kama zote ni za umri mmoja. Nilitazama mpira unaozuia ekseli isigonge chesisi; ukiukuta umepondeka au haupo kabisa, gari hilo limebebeshwa sana, hata mwenyewe akiapa lilikuwa la kwendea kanisani. Na kwetu huku kuna jambo la kuuliza waziwazi: lilishabeba chumvi ya Uvinza? Maji ya ziwa letu la Tanganyika hayana chumvi, hayali chuma kama ya bahari ya Dar, lakini chumvi ikichuruzika chini ya bodi misimu miwili mitatu, kutu inakula kutoka ndani. Gonga kwa bisibisi, sikiliza.

Gari hilo nililiacha. La tatu ndilo ninalo mpaka leo, Land Cruiser ya kebini moja, injini ya 1HZ: silinda sita, cc 4,164, haina tabo wala kompyuta. Haina mbio na inakunywa dizeli, nisikudanganye. Lakini kijijini dizeli unaweza kuuziwa kwenye dumu, na injini mpya zenye nozeli za umeme haziwezi uchafu huo. Halafu mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta yametumia magari haya miaka na miaka, kwa hiyo mafundi wa Kasulu na Kibondo wanayajua na spea hazikosekani. Ukiinunua, badilisha mkanda wa taimingi papo hapo, usiulize ulibadilishwa lini. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na unaanza oveholi. Mimi naubadilisha kila kilomita 100,000.

Si kila mtu anaihitaji. Kama kazi yako ni kutoa samaki Kibirizi kupeleka sokoni, kirikuu, ile pikapu ndogo ya Kijapani, inatosha. Kule Japani imeruhusiwa kilo 350, sisi tunaijua inavyoteswa. Na kama kila siku unavuka tani moja na nusu kwenye lami, acha pikapu, tafuta lori dogo la Canter. Pikapu nzito ina maana pale mzigo ni wa tani moja na njia ni tope la masika, mahali ambapo Canter itasubiri trekta.

Tairi: soma ubavuni. Namba ya uzito 100 ni kilo 800 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120, 121 ni kilo 1,450. Karibu na neno DOT kuna tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtumba wa tairi wenye kashata (meno) nzuri lakini umri wa miaka tisa usiuweke nyuma.

Makaratasi sitayarefusha. Ukianza kubeba mizigo ya watu kwa malipo, namba ya njano haikufai: unahitaji namba nyeupe, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya biashara. Bima ukiikata ya gari binafsi kwa kubana hela, siku ya ajali ndiyo utakayoulizwa gari lilikuwa limebeba mzigo wa nani.