Barua kwa mwanangu: mwaka ule ziwa lilipofungwa

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema kazi imekwisha tangu mwezi uliopita, usingizi umekukimbia, kifua kinabana, na kila asubuhi unavaa shati unatoka kama mwenda kazini ili mkeo asijue. Halafu unaniuliza: "Mama, mwaka ule ziwa lilipofungwa ulifanyaje hata usichanganyikiwe?"

Baba, swali hilo nimekaa nalo siku mbili, maana jibu lake sijawahi kumwambia mtoto wangu hata mmoja. Sikupita salama. Niliumwa. Mkipiga simu nawajibu "tuko wazima, alhamdulillahi", na simu ikikatika nakaa ukingoni mwa kitanda mpaka giza linaingia.

Unakumbuka ilivyokuwa. Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa mpaka katikati ya Agosti, baada ya nchi nne zinazolizunguka kukubaliana samaki waachwe wazaliane. Sababu niliielewa, hata sisi wakaushaji wa dagaa tulikuwa tunaona ndoo zinavyopungua. Lakini sisi tumezoea kupumzika siku za mbalamwezi tu, pale dagaa wasipofuata taa, na unajua siku chache tu giza litarudi na kazi itarudi. Miezi mitatu ni jambo jingine. Chanja zangu za kuanikia dagaa zilibaki tupu pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Na upatu nilikuwa nimeshapokea zamu yangu, fedha nimejengea choo, na kila Jumamosi natakiwa kutoa. Jumamosi ya kwanza nikakopa. Ya pili nikakopa. Ya tatu nikajifungia ndani, nikatuma mtoto akaseme naumwa malaria.

Kilichonimaliza ni alfajiri. Mwili wangu umezoea miaka na miaka kuamka saa kumi kwenda kusubiri mitumbwi. Mitumbwi haipo, mwili ukaendelea kuamka. Nimelala macho, moyo unadunda kama nimepanda mlima, nahesabu madeni kwa mpangilio uleule: dukani, kwa jirani, upatu, ada ya mdogo wako. Nikifika mwisho naanza upya. Kisamvu cha mawese unachojua ninavyokipenda, nikakipika nikakiacha kwenye sufuria mpaka kikachacha. Mara mbili nilinunua dawa za malaria dukani bila kupima, nikiamini ule uongo wangu mwenyewe.

Aliyeniokoa ni shoga yangu wa upatu. Nilipomwona mlangoni nikajua amekuja kudai. Akakaa mkekani, akavuta ungo, akaanza kuchambua mchele wangu. Fedha hakuzitaja. Baada ya muda akaniuliza, "Dada, unalala?" Nikalia mpaka kilemba kikalowa. Kesho yake akanipeleka kituo cha afya. Malaria haikuonekana. Mhudumu akaniuliza usingizi, chakula, kama kuna kitu bado kinanifurahisha, na hali hiyo imechukua muda gani. Nikamwambia imepita mwezi. Akasema ikizidi wiki mbili, karibu kila siku, mtu asikae nayo nyumbani, na yangu ina jina: sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa. Nilidhani afya ya akili ni habari za watu wanaopelekwa hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Kumbe na mimi, mama wa dagaa, nimo.

Sikupewa vidonge. Nilirudi kwake kila wiki, tunazungumza. Wapo wanaohitaji vidonge, na wewe ukipewa usione aibu. Ila alinieleza kwamba huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, na mtu haviachi ghafla bila kumwambia daktari. Baadaye nilisikia kwamba Zimbabwe wamewafundisha mabibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu, na maradhi yenyewe wanayaita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nikasema, hao wameelewa. Dua niliomba na bado naomba, tena nakuombea wewe kila sala, lakini shoga yangu ndiye aliyevuka kizingiti akaniuliza.

Ndiyo maana neno lako lililonitisha si kazi kuisha. Ni lile shati la asubuhi. Nakujua, utasema mwanaume hapeleki shida kwa mkewe. Mimi nilificha wiki sita, na kuficha kulinichosha kuliko deni lenyewe. Mwambie mkeo leo jioni, watoto wakishalala. Usitafute maneno mazuri. Mwambie, "Kazi imekwisha, na mimi sipo sawa." Madeni yangu ya upatu, nilipoyasema, wenzangu walinisogezea mpaka ziwa lilipofunguliwa. Nilikuwa nimeshawahukumu bila kuwauliza.

Pombe usiikaribie kwa ajili ya usingizi. Inakulaza mapema na kukuamsha usiku wa manane ukiwa hoi zaidi. Amka saa ileile kila siku, toka nje utembee kabla jua halijawa kali. Mimi nilirudi mwaloni alfajiri hata bila dagaa, nikawa nakaza misumari ya chanja, moja kila siku.

Na nikuulize kama mama yako, wala kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hana: umewahi kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo? Kama ndiyo, usibaki peke yako hata saa moja. Mwamshe mkeo, nipigie hata saa nane usiku, na mwende hospitali usiku huohuo. Kama siyo, bado nenda kituo cha afya cha hapo mtaani wiki hii. Wakiona inafaa watakuandikia uende hospitali ya Muhimbili, kwenye idara ya afya ya akili.

Nimewafungashia dagaa kilo tano na dumu la mawese, mzigo unaondoka na basi la Alhamisi. Nimeandika jina la mkeo, aupokee yeye. Jumapili baada ya Isha nitapiga simu, naomba muwe pamoja mnaponipokea, na nikiuliza hali, baba, usinijibu "salama tu".

Mama yako