Tokarev kukosa sefti: jibu la mtu aliyekaa nayo ghalani

Mdau kauliza kwanini Tokarev, ile bastola ya Kirusi, haina sefti (kile kitufe cha kuizuia isilipuke kwa bahati mbaya) na kuna waliomjibu eti Warusi walibana matumizi tu. Hapana wakuu. Mimi nimestaafu jeshi, niko Nyegezi hapa Mwanza, hizo bastola nimezisafisha miaka mingi kwenye ghala la silaha.

Kabla yake Warusi walikuwa na rivolva ya Nagant ya 1895, risasi saba, unaingiza moja moja na maganda unayatoa moja moja. Fedor Tokarev, mbunifu wa silaha wa mji wa Tula, akachukua mfumo wa Browning, mbunifu wa Kimarekani, akaurahisisha, ikatoka TT-30, ikarekebishwa 1933 ikawa TT-33, risasi nane za milimita 7.62. Sasa utamu wake ni huu: nyundo na springi yake na vikorokoro vyote vinatoka kama kipande kimoja, halafu njia ya kuongoza risasi iingie chemba (pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kulipuliwa) imechongwa humohumo kwenye hicho kipande, kwahiyo hata magazini ikibonyea kidogo mdomoni bado inalisha. Mtu wa ghala lazima uipende.

Ila sefti hakuna, ipo nusu koki tu, nyundo inasimama katikati kwenye jino lake, inafunga triga na slaidi (lile bamba la juu linalorudi nyuma). Mwenzetu mmoja aliiamini hiyo, risasi iko chemba, tunashuka kwenye boti ikamponyoka ikagonga chuma ikalia, risasi ikatoboa ubao karibu kabisa na mguu wa kijana aliyekuwa anafunga kamba. Mungu alisaidia. Nilipoifungua jioni nikakuta jino la nusu koki limelika, yaani lilikuwa linashikilia kwa huruma tu. Hii silaha inabebwa chemba tupu, unakoki ukiihitaji, basi.

Na sefti iliwezekana, msidanganyane: Hungary waliitengenezea Misri toleo la milimita 9, Tokagypt, wakaiwekea. Warusi wenyewe 1951 wakapitisha Makarov, ile ukipandisha sefti kwenye slaidi nyundo inashuka bila kulipua, na risasi ya kwanza unavuta triga tu, huna haja ya kukoki nyundo. Wachina wao wakaendelea na Tokarev yao, Type 54, ndio maana bado mnaziona.

Tangu siku ile ya boti kila Tokarev iliyorudi mikononi mwangu nilikuwa naitoa kile kipande kwanza, naenda nacho mlangoni kwenye mwanga naangalia jino, ndio nashika mafuta.