Sindano ya mifupa ya mama: asiikatize hivi hivi

Pole na kumuuguza mama, dada. Umeuliza kama anaweza kuacha sindano ya denosumabu, dawa ya kuzuia mifupa isidhoofike, kwa kuwa kipimo cha mifupa kimetoka vizuri. Asiache bila mpango.

Seli zinazomung'unya mfupa hazizaliwi zikiwa tayari. Huanza kama seli changa za damu, kisha seli za mfupa wenyewe huzitumia ujumbe wa protini uitwao RANKL. Zikishaupokea, kadhaa huungana zikawa jitu moja lenye viini vingi, linalojibandika juu ya mfupa na kumwaga tindikali. Mwili una breki yake, OPG, inayoudaka ujumbe huo njiani. Sindano ya mama, miligramu 60, inafanya kazi ileile, lakini kwa miezi 6 tu.

Breki ikiachiwa ghafla, seli hizo hurudi kwa fujo. Wapo waliovunjika pingili za mgongo, mbili tatu kwa mpigo. Kwa hiyo tarehe ya sindano isipite, na mwulize daktari atamhamishia dawa gani, mfano alendroneti au zoledroneti. Kalsiamu na vitamini D aendelee nazo, ila zenyewe haziwezi kuziba pengo hilo.