Ningeomba irudi nishani ya Nelson

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: kama kitu kimoja tu cha kihistoria kilichoibwa kingeweza kurudi, ungechagua kipi? Jibu langu ninalo siku nyingi. Ningechagua chelengk, nishani ya almasi ambayo Sultani Selim wa Tatu wa Milki ya Osmani alimtunuku admirali Mwingereza, Horatio Nelson.

Mwaka 1798 Napoleon alivuka bahari na jeshi lake akaingia Misri, nchi iliyokuwa chini ya Sultani. Tarehe 1 Agosti, jua likielekea kuzama, Nelson alizikuta manowari za Wafaransa zimetia nanga kwenye ghuba ya Aboukir. Mapigano yalipokwisha, kati ya manowari kubwa 13 ni mbili tu zilizoponyoka, na jeshi la Napoleon likabaki ng'ambo bila njia ya kurudi. Sultani akapeleka joho la manyoya ya thamani, na pamoja nalo hiyo chelengk.

Kwa Waturuki wa enzi zile, hilo lilikuwa shungi la kuchomeka kwenye kilemba, alama ya ushujaa. Shungi la Nelson lilikuwa na almasi zaidi ya 300 na miale 13, kila mwale kwa meli moja iliyotekwa au kuangamizwa: manowari kubwa 11 na ndogo mbili. Katikati ilikaa nyota iliyozunguka yenyewe kwa mtambo kama wa saa, ukishaitia ufunguo kwa nyuma. Hapo ndipo fikra zangu hurudi kila mara. Mwaka mmoja kabla, Nelson alikuwa amekatwa mkono wa kulia. Basi namwona ameibana kofia kwa magoti, vidole vya kushoto vikipapasa nyuma ya almasi, kisha nyota inaanza kuzunguka taratibu.

Aliivaa kwenye kofia hadharani, na wapo waliomcheka kwamba anajishaua. Mimi simlaumu hata kidogo. Mkono umekwenda, jicho la kulia lilikuwa limeshaacha kuona tangu 1794. Mtu huyo ana haki ya kuvaa alichopewa.

Mwaka 1951, usiku, mwizi aliingia kwenye makumbusho ya bahari ya Greenwich, Uingereza, akaondoka nayo. Miaka mingi baadaye alikuja kukiri: vito vilikuwa vimeng'olewa na kuuzwa. Hilo linaniuma kuliko wizi wenyewe. Angeificha nzima, tungekuwa na tumaini la kuikuta siku moja kwenye sanduku la mtu. Almasi zenyewe huenda bado zipo, zimegawanyika kwenye pete na hereni, na anayezivaa hajui kwamba ile anayoivaa kidoleni ilikuwa sehemu ya mwale wa meli ya Aboukir.

Masonara wamekwisha kuunda nakala, kwa kufuata michoro na kumbukumbu zilizobaki, na kazi yao ni nzuri sana. Lakini nakala haikutoka kwa Sultani, wala haikuguswa na mkono ule mmoja.

Ikirudi ile yenyewe, sitaomba kuishika. Nitasimama nje ya kioo kama wageni wengine, niwaombe wahifadhi waitie ufunguo.