Tarehe, vipimo, kisha majina: kwa anayeanza kusoma historia ya sayansi

Wanaoanza somo hili karibu wote huingia na swali moja: nani alitangulia? Wachina au Wazungu, Waarabu au Wahindi, Wahaya au Waingereza? Swali si baya, ila ndilo la mwisho kujibika. Kabla yake kuna kazi ya tarehe, ya vipimo na ya kujua nani kashika kalamu. Asiyeifanya hubebwa na kila andiko linalozunguka kwenye WhatsApp.

Anza na tarehe. Ukikutana na mwaka wa Hijria, toa sehemu yake moja ya 33, kisha jumlisha 622. Mwanafalaki al-Biruni alizaliwa mwaka 362 wa Hijria: 362 ukitoa 11 ni 351, ukijumlisha 622 unapata 973. Hesabu hii inafanya kazi kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo miaka 33 ya Hijria inakaribia kulingana na miaka 32 ya jua. Lakini inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, maana mwaka wa Hijria hupanda juu ya miaka miwili ya Miladia. Kama chanzo hakitaji mwezi, andika 972/973. Wengi hufuta mwaka mmoja ili ukurasa upendeze, na msomaji anayefuata hudhani tarehe ilikuwa ya hakika.

Kwa Ulaya mtego ni mwingine. Nchi za Kikatoliki kama Italia na Hispania zilihamia kalenda ya Gregori Oktoba 1582, tarehe 4 ikafuatwa na tarehe 15. Uingereza ilikaa na kalenda ya Julius hadi 1752, ambapo Septemba 2 ilifuatwa na Septemba 14. Hapo ndipo ulipozaliwa usemi maarufu kwamba Newton alizaliwa mwaka aliokufa Galileo. Galileo alifariki Januari 8, 1642, kwa kalenda mpya ya Italia. Newton alizaliwa Desemba 25, 1642, kwa kalenda kongwe ya Uingereza. Wapime wote kwa kalenda mpya: Newton anahamia Januari 4, 1643. Wapime wote kwa kongwe: Galileo anarudi Desemba 29, 1641. Kwa kalenda yoyote moja utakayochagua, miaka hailingani. Zaidi ya hapo, mwaka wa kisheria wa Uingereza ulikuwa ukianza Machi 25, kwa hiyo barua ya Februari iliyoandikwa “1641” huenda ni ya 1642 kwa hesabu yetu. Iandike 1641/42.

Na ukitumia programu za kompyuta zinazoonyesha anga la kale, kumbuka kwamba wanafalaki wana mwaka sifuri, wanahistoria hawana. Kupatwa kwa jua kwa Mei 28, 585 KK huingizwa kama -584. Ukiandika -585 utatafuta kivuli kisichokuwepo.

Sasa vipimo, na hapa kaa kwa muda, maana ndipo sifa nyingi za uongo hutengenezwa. Mgiriki Eratosthenes, katika karne ya 3 KK, alisema jua la mchana wa siku ndefu kuliko zote halitupi kivuli Syene, yaani Aswan ya leo, ila Aleksandria linatupa kivuli cha sehemu moja ya 50 ya duara. Umbali kati ya miji hiyo aliuhesabu stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki), hivyo mzingo wa dunia ukawa 250,000. Baadaye idadi ikapandishwa hadi 252,000 ili igawanyike vizuri. Vitabu vya shule huongeza kwamba alikosea kwa chini ya asilimia moja. Stadia ya nani? Ukichukua ya mita 157.5, 252,000 inakuwa kilomita 39,690, na mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni kilomita 40,008. Ukichukua ya mita 185, 250,000 inakuwa kilomita 46,250. Mtu akichagua kipimo kinacholeta jibu zuri, kisha akasifu jibu kwa uzuri wake, amezunguka akarudi alipoanza. Isitoshe, Aswan haiko kusini moja kwa moja mwa Aleksandria. Iko nyuzi 3 hivi mashariki. Wazo lake ni la ajabu bila hiyo asilimia moja.

Christopher Columbus alilipia kosa la aina hiyohiyo. Wanafalaki wa Khalifa al-Ma'mun, karne ya 9, walipima uzi mmoja wa dunia, yaani sehemu moja ya 360 ya mzingo wake, wakapata maili 56 na theluthi mbili. Takwimu hiyo ikafika Ulaya kupitia maandishi ya mwanafalaki al-Farghani. Maili yao ilikuwa ya dhiraa 4,000, karibu kilomita 2, na mzingo unatoka kama kilomita 40,000. Columbus aliisoma kwa maili ya Kiitalia, karibu kilomita 1.48, na dunia yake ikanywea hadi kilomita 30,000 hivi. Asia ikawa karibu, kwenye karatasi.

Zoezi zuri kwa mwanzo ni lile la al-Biruni huko Nandana, katika Pakistan ya leo. Alipima urefu wa mlima, dhiraa 652 na kidogo, kisha akapanda juu na kupima upeo wa macho umeinama kiasi gani chini ya mstari wa usawa: dakika 34 za uzi. Nusukipenyo cha dunia ni urefu wa mlima mara kosaini ya pembe hiyo, ugawe kwa 1 ukitoa kosaini hiyohiyo. Fanya mwenyewe kwa kikokotoo. Hakikisha kiko kwenye nyuzi, si radiani, na kwamba hukukata tarakimu, kwa sababu 1 toa kosaini ni kama 0.0000489 na ukikadiria mapema unabaki na sifuri. Kisha badilisha pembe iwe dakika 33 au 35. Jibu linaruka kwa karibu asilimia 6. Dakika moja tu! Na mwanga hupinda unapopita hewani, hivyo upeo huonekana umeinama kidogo kuliko ulivyo. Ukiona andiko linasema al-Biruni alikosea kwa kilomita chache tu, jiulize wameipa dhiraa yake sentimita ngapi, na kama wamehesabu kupinda kwa mwanga. Hesabu yake ilikuwa safi. Chombo cha pembe ndicho kisingeweza kubeba usahihi huo.

Baada ya hapo ndipo watu. Kwa kila dai weka safu nne kwenye daftari: dai lenyewe, chanzo cha zamani kuliko vyote kinachosalia, miaka kati ya tukio na chanzo hicho, na aliyeandika alikuwa upande gani. Lijaribu kwa hadithi inayopendwa sana pwani, kwamba baharia Mwarabu Ahmad ibn Majid ndiye rubani aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Dai hilo linatoka kwa al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika katika nusu ya pili ya karne ya 16. Wareno wa karne hiyohiyo wanamtaja rubani Mgujarati. Mmoja wao, mwanahistoria Barros, anamwita Malemo Cana. Safu ya tatu na ya nne zikijaa, dai linalegea lenyewe, na wanahistoria wengi sasa hawalikubali. Ibn Majid hapungukiwi kitu. Kitabu chake kikubwa cha unahodha, cha mwaka 1490 hivi, kinaeleza namna ya kupima kimo cha nyota kwa vidole na kuhesabu safari kwa zamu za saa tatu. Hicho ndicho cha kusoma.

Safu ya nne ina uzito wa pekee pale mwenye ujuzi hakuwa na kalamu. Mwaka 1721 ndui ilipoingia Boston, daktari Boylston aliwachanja watu zaidi ya 240 kwa usaha wa wagonjwa. Walikufa kama 2 kwa kila 100, na kwa waliougua bila kuchanjwa walikufa kama 14. Mchungaji Cotton Mather, aliyemsukuma daktari huyo, alikuwa ameandika mwaka 1716 kwamba alielezwa njia hiyo na Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake. Onesimus hakuacha maandishi. Tunachokijua kimepita kwa bwana wake, kwa hiyo andika “kwa mujibu wa Mather”, usiandike kama uliyemsikia Onesimus.

Tofautisha pia kutangulia na kurithisha. Tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis alieleza mwaka 1242 kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo na kufika kushoto kupitia mapafu. Servetus, tabibu wa Hispania, aliandika jambo hilo 1553. Mswada wa Ibn al-Nafis ulitambuliwa Berlin mwaka 1924, na daktari wa Kimisri, al-Tatawi. Alitangulia, bila shaka. Kusema Servetus alichota kwake kunahitaji ushahidi wa tafsiri iliyopita mkononi mwa mtu fulani, mahali fulani.

Mwisho ni Buhaya, nchi ya Wahaya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa sababu ndiko wengi wa Afrika Mashariki wanaoanza somo hili huanzia. Andiko linalozunguka husema Wahaya walitengeneza chuma cha pua kwa nyuzi 1,800 za Selsiasi miaka 2,000 iliyopita. Ndani yake kuna mambo matatu yaliyoshonwa pamoja. La kwanza ni mabaki ya matanuri magharibi mwa Ziwa Victoria, pamoja na vipande vya mirija ya udongo na mavi ya chuma, yaliyopewa umri kwa kupima kaboni-14 ya makaa, ambayo hupungua kwa kasi inayojulikana. La pili ni majaribio ya miaka ya 1970, ambapo wazee wa Kihaya waliojua kazi hiyo walijenga tanuri na kupuliza mivukuto mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, na wakapata chuma chenye kaboni. Joto lililopimwa ni la tanuri hilo. La tatu ni hoja ya Schmidt na Avery, iliyochapishwa 1978, kwamba mirija iliyoingizwa ndani ya tanuri ilipasha hewa kabla ya kufika kwenye moto, na kwamba ndivyo ilivyokuwa hata zamani. Mtafiti mwingine, Rehder, aliipinga hoja hiyo mwaka 1986, akisema hewa haipati joto la maana ndani ya mrija.

Kwenye umri angalia vitu viwili. Makaa ya mti mkongwe hutoa umri wa mti, si wa moto. Na kati ya mwaka 800 na 400 KK mstari wa kusahihisha kaboni-14, unaogeuza kipimo cha maabara kuwa miaka ya kalenda, umelala, hivyo sampuli ya wakati huo haiwezi kutofautishwa na nyingine iliyopishana nayo karne tatu. Chanzo kikitoa mwaka mmoja mtupu kwa kipindi hicho, tafuta ripoti yenyewe ya maabara. Ukiandika, andika hivi: “Matanuri ya kale ya Buhaya yamepewa umri wa miaka 1,500 hadi 2,000, majaribio ya karne ya 20 yalitoa chuma chenye kaboni, kama hewa ilipashwa moto kabla ya kuingia bado kunabishaniwa.”