Jibu: Mwalimu wa Kifaransa, mzawa au aliyejifunza ukubwani?

Mkuu, umeuliza yupi kati ya walimu watatu akutoe sifuri akufikishe B2 (ngazi ya nne kati ya sita za kupimia lugha, A1 ya chini hadi C2 ya juu): Mfaransa mzawa asiye na mafunzo ya ualimu, Mkameruni aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, au Mswahili mwenzetu aliyejifunza lugha ukubwani kisha akasomea kuifundisha. Nimepita mikononi mwa walimu wa aina zote hizo, na siku hizi nafundisha wanaoanza. Kwa hatua uliyopo, ningemchukua huyo wa tatu. Wengi wa waliochangia hapo juu wanakusukuma kwa Mfaransa, kwa hiyo nieleze kwa nini siko upande wao.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Mfaransa, mcheshi, na matamshi yake ni raha kuyasikiliza. Ukikosea anakurekebisha papo hapo: "Hatusemi hivyo." Kwa nini? "Ndivyo tunavyosema tu." Wala si uvivu. Lugha aliinyonya utotoni, hajawahi kulazimika kujiuliza imekaaje. Kwa mfano, kwake "je suis monté" (nimepanda) na "j'ai monté les valises" (nimepandisha masanduku) zilikuwa sawa zote, lakini kitenzi kisaidizi kimebadilika kutoka être (suis) kwenda avoir (ai) kwa sababu gani hakuwa na la kusema. Mwalimu aliyemfuata, ambaye Kifaransa alikianza akiwa mtu mzima, aliniuliza swali moja: "Hapo umepanda mwenyewe, au kuna kitu umekipandisha?" Ukipanda mwenyewe ni être, ukipandisha masanduku ni avoir. Akahamia descendre na sortir, kushuka na kushusha, kutoka na kutoa, na darasa zima likawa linajibu lenyewe. Alijua tutakwama wapi kwa sababu na yeye alikwama hapohapo.

Matamshi nayo, usidhani uzawa pekee unatosha. Sisi tuna irabu tano, kwa hiyo "dessus" (juu) na "dessous" (chini) mwanzoni tunazisikia kama neno moja. Mzawa asiye na mafunzo atakurudia "dessus, dessus" akiongeza sauti, nawe unaendelea kusikia u ileile ya kwetu. Aliyesomea kazi anajua tatizo liko sikioni kabla halijafika mdomoni. Wapo wanaotumia mbinu iliyotokana na kazi ya mwanaisimu Petar Guberina kule Zagreb, Kroatia, miaka ya 1950: mwalimu anaipandisha sauti iwe nyembamba, anaiweka irabu ya mwisho ya "dessus" jirani na s au t, "tu sais? tu?", mpaka sikio liishike tofauti. Mwingine anakwambia tu, tamka i halafu chongoa midomo bila kuhamisha ulimi. Zote nimeona zinafanya kazi, japo darasani inafika mahali watu wanacheka hadi somo linasimama.

Kuhusu vyeti: muulize kama amesomea FLE, yaani français langue étrangère, kufundisha Kifaransa kama lugha ya kigeni. Ni taaluma inayojitegemea; Ufaransa kuna shahada yake hadi ya uzamili, na kuna diploma iitwayo DAEFLE inayotolewa na Alliance Française pamoja na CNED, taasisi ya Ufaransa ya elimu ya masafa. Mtu anaweza kuwa amebobea katika fasihi ya Kifaransa na bado asijue amfundishe nini anayeanza A1. Wa namna hiyo nimewaona. Somo la pili tu tayari anachambua shairi.

Akijitapa kuwa anatumia "approche actionnelle", yaani kujifunza lugha kwa kuitumia kufanya kazi halisi, usibabaike sana. Istilahi hiyo ilienea baada ya Baraza la Ulaya kutoa ule mwongozo wa viwango vya A1 hadi C2 mwaka 2001, na leo imeandikwa kwenye majalada ya vitabu vingi. Angalia mnachofanya darasani. Kama ni kujaza nafasi zilizo wazi saa nzima, hiyo ni sarufi ya kale iliyovishwa koti jipya. Kama mnamwandikia mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja, na sarufi inafundishwa kwa sababu barua inaihitaji, basi huyo anajua anachokisema. Binafsi sina ugomvi na mazoezi ya kujaza nafasi, ila yasiwe ndiyo somo zima.

Sasa Mkameruni. Hapo juu kuna aliyesema lafudhi yake "itakuharibu". Hiyo naikataa kabisa. DELF, mtihani rasmi wa Kifaransa kwa wageni, haikudai uongee kama mtu wa Paris, inakutaka ueleweke. Na Kifaransa utakachokutana nacho kina lafudhi nyingi: Mbelgiji atakwambia "septante" kwa 70 na "nonante" kwa 90, na mtu wa Québec, Kanada, naye ana yake. Ukizoea sauti moja tu, siku ya kusikiliza wengine utahangaika.

Yeye na yule Mfaransa watakufaa sana ukishavuka B1. Mtihani wa kuzungumza wa B2 unakupa dakika 30 za kujiandaa, kisha kama dakika 20 za kueleza msimamo wako na kuutetea mbele ya watahini wanaokupinga. Hapo unahitaji mtu wa kubishana naye, asiyekuhurumia kwa kupunguza mwendo. Mwalimu anayejua Kiswahili, mkikwama kidogo tu, mtarudi kwenye Kiswahili. Akiwa mkali mtakirudia mara chache, lakini mtakirudia.

Kwa yeyote utakayemchagua, omba somo moja la majaribio kabla ya kulipa muhula. Mpelekee aya fupi uliyoiandika mwenyewe, makosa yakiwamo. Akikurudishia imejaa wino mwekundu bila kukuuliza ulikuwa unataka kusema nini, endelea kutafuta.