Lalamiko Lako Litamwangukia Nani?

Mhariri,

Mmetuuliza wasomaji wiki hii: huduma ikiwa na kasoro ndogo tu, mteja aseme au anyamaze? Mkatoa mfano wa mhudumu anayemalizia kwanza soga na mwenzake ndipo amgeukie mteja. Naona wengi watawajibu kwa kupima ukubwa wa kero: ikiwa kubwa, mwone meneja, ikiwa ndogo, funika kombe mwanaharamu apite. Kipimo hicho mimi sikiamini. Nimewahi kufanya kazi upande wa pili wa kaunta, kwenye dawati linalopokea malalamiko, na kule udogo wa kero hauamui lolote.

Mtu akipiga simu kulalamika, anayepokea hufungua fomu kwenye kompyuta. Fomu ina orodha ya kuchagua: ucheleweshaji, malipo, bidhaa mbovu, lugha ya mfanyakazi, mengineyo. Unachagua kimoja. Chini yake kuna nafasi ya maelezo, na hapo mteja aliyeongea mpaka sauti ikakauka huishia kuwa mstari mmoja: "Mteja hajaridhika na huduma." Mwisho wa mwezi wakubwa huletewa ripoti inayohesabu aina za malalamiko, maelezo hayasomwi na mtu. Aliyefoka na aliyenong'ona, kila mmoja ni moja kwenye jedwali. Ndiyo maana hucheka kidogo nikisikia mtu anasema kero yake ni ndogo mno kuandikishwa. Kwenye jedwali hakuna safu ya udogo.

Chukua makato madogo yasiyoeleweka kwenye bili. Kwa mteja mmoja ni fedha isiyoweza kumkosesha usingizi. Kwa kampuni yenye wateja laki kadhaa, ni mapato yanayoingia kila mwezi bila jasho. Kosa la namna hiyo halihitaji kufichwa, udogo wake wenyewe unalificha: kila mteja anaona haya kupoteza muda kwa kitu kidogo, na wote kwa pamoja wanalilipia, pamoja na mzee ambaye bili yake haisomi kabisa. Hapo nalalamika bila kupepesa macho, hata kama muda nitakaoutumia una thamani kuliko nitakachorudishiwa. Vivyo hivyo kwa fomu ya mtandaoni inayokataa jina lenye ritifaa, kwa "tutakupigia" isiyopigwa, kwa kifurushi kinachoandikwa kimeshafika wakati mwenyewe bado unakisubiri ukichungulia dirishani. Mambo hayo hayatokani na mtu aliyeamka vibaya. Yamepangwa hivyo, au yameachwa hivyo, na yatamkuta mteja anayefuata kama yalivyokukuta wewe.

Sasa huyo mhudumu wa mfano wenu. Lalamiko linalomhusu mtu haliishii kwenye jedwali, linaingia kwenye faili lake. Sehemu nyingi likija la pili au la tatu mhudumu huitwa, hupewa barua ya onyo, na mwenye mkataba mfupi huenda asiongezewe. Mteja aliyetaka tu kutoa ya moyoni hayajui hayo.

Kinachoniudhi zaidi ni zile nyota tunazoombwa kutoa baada ya simu. Umesubiri kwenye laini nusu saa ukisikilizishwa muziki ule ule, kwa kuwa kampuni imeajiri watu wachache kuliko simu zinazoingia. Hatimaye anapokea kijana mwenye adabu, anakusaidia vizuri. Ujumbe unakuja: "Mpe mhudumu wako alama." Wewe bado una hasira ya nusu saa, unabonyeza nyota moja. Nyota ile haimfikii aliyepanga idadi ya wafanyakazi. Inamfikia kijana, na kesho yake msimamizi anamuuliza alimfanya nini mteja. Kuna sehemu ambako hata nyota nne kati ya tano huhesabiwa kuwa dosari. Kwa hiyo swali likimhusu mhudumu, jibu kuhusu mhudumu. Hasira ya kusubiri iandikie mahali pake, na useme wazi kwamba aliyepokea simu hana kosa. Sentensi hiyo moja humwokoa mtu.

Kwa mwenye soga, basi, mimi ningesema pale pale, "Samahani, naomba unihudumie," yakaisha. Dharau ni kitu kingine. Anayemkejeli mteja kwa ulemavu wake, kwa lafudhi yake au kwa nguo alizovaa, hilo si dogo hata likichukua sekunde mbili, na lazima limfikie bosi wake likiwa na saa na tarehe.

Na tusidhani kununa kumeanza na kizazi chetu. Katika makumbusho ya British Museum mjini London kuna kibao cha udongo kutoka mji wa kale wa Ur, cha mwaka 1750 hivi kabla ya Kristo, ambamo mteja aitwaye Nanni anamlalamikia mfanyabiashara Ea-nasir. Shaba ilikuwa mbovu, lakini ukiisoma barua utaona kwamba Nanni amechomwa vilevile na jinsi wajumbe wake walivyodharauliwa wakarudi mikono mitupu. Hata hivyo hakuishia kwenye machungu. Alitoa sharti: kuanzia sasa shaba ataichagua mwenyewe, kipande kwa kipande, uani kwake, na mbovu ataikataa. Hilo ndilo nililokuwa nalikosa kwenye dawati letu. Watu walieleza walivyoumia kwa ufasaha wa ajabu, ukiwauliza "ungependa tufanye nini?" wananyamaza. Anayesema "tarehe fulani, risiti namba fulani, nimekatwa mara mbili, naomba nirudishiwe" anampa mpokeaji kitu cha kufanyia kazi, na ule mstari mmoja wa maelezo unakuwa na maana.

Wapo watakaosema: ya nini nijisumbue, nahama tu. Mwanauchumi Albert Hirschman aliliandika jambo hili mwaka 1970: mteja asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kusema, na kuondoka kukiwa rahisi, wasemaji hupungua. Ubaya ni kwamba wanaotangulia kuondoka mara nyingi ni wale wanaojali ubora, yaani ndio hasa ambao wangesema. Kampuni inabaki na wavumilivu, na takwimu inayoonyesha wateja wamepungua bila kueleza kwa nini. Na huduma isiyo na mshindani, kama maji ya bomba, utaihama uende wapi? Hapo hakuna njia ila kusema.

Sisemi mtu ageuze malalamiko kuwa ajira. Kuna wateja tuliowajua kwa sauti, na nakiri simu zao zilipoingia tulitazamana nani apokee. Ukishaandika, chukua namba ya kumbukumbu, endelea na shughuli zako. Ukijibiwa na ile barua wanayotumiwa wote, "tunathamini maoni yako", rudisha swali lile lile mara moja tu, ukitaja namba. Likija jibu lile lile, na una pa kwenda, nenda. Siku ya kufunga akaunti utawekewa orodha ya sababu, na mojawapo huwa "sababu binafsi", ambayo huchaguliwa na kila mwenye haraka. Usiichague. Shuka mpaka "nyingine", uandike ile kero ndogo kwa jina lake.